Mguu wa Kuku Juu ya Meza

Mjomba wangu ni mtu wa viazi. Hauzi kwa debe sokoni. Ananunua shamba zima viazi vikiwa bado ardhini, anatafuta vijana wa kuchimba, lori linapakiwa hapa Timau jioni, na kabla ya jua kuchomoza mzigo uko Marikiti, Nairobi. Biashara hiyo ina msimu wake wa pesa, na kila mtu huku kwetu anajua msimu huo ni lini. Mwaka jana watu watatu walimngoja getini. Hakupigwa risasi. Alipigwa ubapa wa panga juu ya jicho, wakachukua simu mbili na bahasha, na mmoja wao, hili ndilo mjomba hulirudia kila mara, alimwita kwa jina.

Wiki tatu baadaye akanitumia picha mbili kwenye WhatsApp, saa tano usiku. Ya kwanza ni rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka. Ya pili ni bastola ya magazini, nyeusi, bapa, ile ambayo kwenye habari za uhalifu za Kenya huitwa Ceska hata pale ambapo si Ceska. Chini yake ameandika: "Wewe si ulisoma historia? Nichukue gani?"

Niseme ukweli: historia nilisoma mwaka mmoja na nusu, halafu karo ikakatika na mimi nikakata pia. Lakini kwetu aliyeacha chuo ndiye mshauri wa kila kitu, kuanzia simu mpya mpaka kesi ya shamba, kwa sababu yeye ndiye yuko nyumbani. Basi nikamjibu kama profesa. Baadaye ndipo nikagundua kwamba swali lake lilishaulizwa kwenye mlima huuhuu miaka sabini iliyopita, tena na watu waliokuwa na polisi upande wao, mbwa wakali na taa nje ya kila dirisha.

Kwanza nimalizane na mashine zenyewe, kwa sababu hapo ndipo mazungumzo ya wanaume huanzia na mara nyingi ndipo huishia.

Rivolva haina maswali mengi. Risasi tano au sita zinakaa kwenye silinda, kila moja na chumba chake. Unavuta kifyatulio, silinda inajizungusha, nyundo inapiga. Risasi ikikataa kulia, unavuta tena, inayofuata inakuja. Unaweza kuiacha kwenye droo miezi na miezi bila kuigusa na bado ikafanya kazi. Ubaya wake ni kwamba risasi ni chache, kujaza upya ni kazi ya vidole, na vidole usiku wa Timau vimekufa ganzi hata kabla ya woga kuingia. Tena kifyatulio chake ni kizito, kwa hiyo mkono usiozoea huyumba.

Bastola ya magazini hutumia nguvu ya risasi iliyotangulia kutupa ganda nje na kuingiza risasi nyingine. Inabeba zaidi, ni nyembamba, inafichika vizuri ndani ya koti. Lakini inakudai ukumbuke mambo. Je, kuna risasi ndani ya chemba? Umeikoki au hujaikoki? Kama ina kufuli ya usalama, imefungwa au iko wazi? Mkono ukilegea, au vumbi likiingia na hakuna aliyeisafisha, inaweza kukwama katikati. Rivolva inamsamehe mtu asiye na mazoezi, na ile nyingine inamlipa aliye nayo. Niliandika hayo yote, nikaongeza na historia kidogo ya Samuel Colt na John Browning. Mjomba akajibu kwa gumba.

Jeshi la Uingereza lenyewe lilibishana juu ya jambo hili kwa miaka. Katika vita vya kwanza vya dunia maafisa wao walibeba Webley, rivolva kubwa ya risasi ya .455, zana ambayo ilivumilia matope ya Ufaransa lakini ilirusha mkono wa mwenyewe juu. Baada ya vita wakaona kwamba askari wa kawaida hapewi muda wa kutosha kuijua, wakashuka hadi risasi ndogo ya .38. Webley na kiwanda cha serikali cha Enfield wakatengeneza rivolva za ukubwa huo, na hizo ndizo zilizobebwa katika vita vya pili. Yaani ile .38 ilichaguliwa kwa ajili ya watu wasio na shabaha. Halafu mwaka 1954 jeshi likahamia rasmi kwenye Browning ya magazini, yenye risasi 13. Angalia huo mwaka. Mwaka 1954 wanajeshi wa Uingereza walikuwa wamejaa Nyeri na Nanyuki wakipigana na Mau Mau. Swali la mjomba lilikuwa likijibiwa London wakati watu wa hapa wanaendelea kulijibu kwa njia yao, mezani.

Na meza ninayoisema ilikuwepo.

Nyanya yangu anakaribia miaka tisini. Masikio yamepungua, macho bado. Siku moja jikoni nilimwonyesha zile picha mbili kwenye simu, zaidi kwa utani. Hakucheka. Aliweka kidole kwenye rivolva akasema, "Hii ndiyo ilikuwa kwa meza ya bwana."

Sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo. Nilijua alifanya kazi kwa mlowezi akiwa msichana, kwenye shamba la ngano upande huu wa Timau, kwa sababu hutumia bado maneno fulani ya jikoni ya wakati ule na hukasirika ukipanga vijiko vibaya. Hii ya bastola hakuwahi kuisema. Alisema kwamba ilikuja na Hali ya Hatari. Kabla ya hapo wafanyakazi waliingia na kutoka. Baada ya hapo, jioni ikifika, wote walitolewa nje ya nyumba isipokuwa wale wa kuhudumia chakula, na hao nao wakimaliza mlango ulifungwa nyuma yao. Bwana alikula na rivolva kando ya kijiko cha supu. Mama alikuwa na yake, ndogo na bapa, ambayo ilikaa kwenye kikapu cha sufi alichofumia sweta.

"Ile ya mama ilikuwa inamsumbua," nyanya akasema. "Kila mlango ukigongwa anaitoa, anaisukuma kidole hapa pembeni, halafu anamwangalia bwana kama amefanya sawa."

Hajui jina la kile kitu cha pembeni. Mimi nilikielewa mara moja, kwa sababu wiki iliyotangulia nilikuwa nimeandika aya nzima juu yake: kufuli ya usalama. Mama yule hakuwa na uhakika kama bastola yake imefungwa au iko wazi, na kila jioni alijifunza upya mbele ya msichana aliyeshika bakuli.

Nilimuuliza nyanya kama aliogopa Mau Mau. Akasema wote waliogopa kila mtu. Halafu akasema, "Ile bunduki ilikuwa imelala hivi," akageuza mkono wake juu ya goti, vidole vikielekea mlango wa jikoni. "Na mimi ndiye nilikuwa natokea jikoni."

Kwa msomaji aliyezaliwa Nairobi na kujifunza haya ili apite mtihani tu, nikumbushe kwa haraka. Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Ardhi nzuri ya nyanda za juu, pamoja na huku kwetu kaskazini mwa mlima, ilikuwa imetengwa kwa ajili ya wazungu, na wenye ardhi yao walikuwa vibarua juu yake. Kiapo kilikuwa kimeshaenea. Ndani ya wiki chache walowezi kadhaa walivamiwa majumbani, na nyumba za mashamba zikageuka ngome: madirisha ya waya, taa, mbwa, kengele. Wanawake wa kizungu walifundishwa kupiga shabaha, na picha za wakati ule zipo, sketi iliyopigwa pasi na mkanda wa bastola kiunoni. Serikali iliwataka wawe na silaha, na wakati huohuo iliogopa silaha hizo zisiibiwe. Kwa hiyo mwenye bastola alipaswa kuwa nayo mwilini au kuifungia, na kuipoteza kwa uzembe lilikuwa kosa la kupelekwa kortini. Watu walioga nayo ikiwa kwenye kiti kando ya beseni.

Wakachagua nini? Walichukua kilichokuwepo. Rivolva za .38 na zile nzito za zamani zilikuwa tele, mabaki ya vita viwili. Za magazini zilikuwepo pia, za Ulaya, nyingine zikiwa na historia yake. Jeshi la Italia lilishindwa Ethiopia mwaka 1941, na wafungwa wake wengi waliletwa Kenya, wengine mpaka Nanyuki. Huko ndiko Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambini mwaka 1943, wakapanda mlima Kenya, halafu wakarudi wenyewe kambini, jambo ambalo mpaka leo naliona la ajabu kuliko vita vyote. Silaha za jeshi lililoshindwa huwa haziishi kwenye orodha ya karani. Beretta ndogo ya afisa wa Kiitaliano ni kitu kinachotosha kwenye kikapu cha sufi. Sisemi ya mama yule ilikuwa hiyo. Nasema ilitosha.

Usiku wa tarehe 2 Januari 1953 wanawake wawili, Kitty Hesselberger na Dorothy Raynes-Simpson, walikuwa sebuleni kwenye shamba lao katika wilaya ya Nyeri. Walikuwa wamemaliza kula. Raynes-Simpson alikaa akiwa ameelekea mlango, bastola ikiwa juu ya mkono wa kiti. Washambuliaji walipoingia hakuhitaji kusimama wala kufungua droo. Alifyatua. Mwenzake akafika kwenye bunduki ya marisau. Mambo yalikwisha kwa dakika chache, washambuliaji wakauawa na wengine wakakimbia, na mbwa wao, boxer aliyerukia vurugu kuwatetea, akafa kwa risasi ya nyumbani.

Kisa kile kilizunguka dunia nzima. Magazeti ya Uingereza yaliwapenda sana wale wanawake. Na kila mlowezi aliyekisoma alisema, ona, bastola inaokoa. Ni kweli iliokoa. Lakini kilichoamua usiku ule hakikuwa silinda wala magazini. Ilikuwa ni kwamba chombo kilikuwa sentimita chache kutoka kwenye mkono na kiti kilikuwa kimeelekea mlango. Mtu anayeishi hivyo hapumziki tena nyumbani kwake. Na kati ya risasi zilizopigwa na mtu aliyekuwa amejiandaa vizuri kuliko wengi, moja ilimuua yule aliyekuwa upande wao. Hilo la mbwa hulisomi kwenye matangazo ya silaha.

Wiki tatu baadaye, tarehe 24 Januari, Roger Ruck aliitwa nje ya nyumba yake kule Kinangop na mfanyakazi wake mwenyewe, mtu aliyemwamini, usiku. Akatoka. Aliuawa nje, mkewe Esme, daktari, akauawa, na mtoto wao Michael, wa miaka sita, akauawa kitandani. Siku mbili baadaye walowezi waliandamana mpaka nyumba ya gavana Nairobi wakitaka damu. Mimi nikisoma kisa cha kina Ruck humwona mjomba getini. Aliitwa kwa jina. Hakuna aina ya bastola inayojibu mtu unayemjua akikuita kwa jina.

Mpaka Hali ya Hatari inaisha, raia wa kizungu waliouawa walikuwa 32. Wapiganaji wa Mau Mau waliouawa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 11,000, na raia waafrika waliokufa mikononi mwa pande zote wanahesabiwa kwa maelfu. Siwapimi watu kwa mizani. Naonyesha tu bunduki zilikuwa upande gani.

Msituni, swali la rivolva au magazini lilikuwa la kuchekesha. Huko swali lilikuwa ni bomba gani la maji. Wapiganaji waliiba silaha, walinunua risasi moja moja kutoka kwa askari na watumishi, na zilizobaki walitengeneza wenyewe. Kipande cha bomba kikawa mtutu. Komeo la mlango likawa la kusukuma. Msumari ukawa wa kupiga kitako cha risasi, na mpira wa tairi la ndani, uliokatwa vipande, ndio ulioipa msumari nguvu. Mbao ilichongwa ionekane kama bunduki ya serikali. Risasi moja, halafu unafungua na kuchokoa ganda. Mara nyingine bomba lilipasuka usoni mwa aliyeishika. Ukiziona hizo bunduki kwenye makumbusho zinafanana na kazi ya mikono ya mtoto wa shule, mpaka ukumbuke kwamba mtu alilala akizikumbatia. Nyingine zilikuwa za kutisha tu. Askari aliye mbali hawezi kujua kama ile kitu ni mti au chuma.

Na sheria iliwangoja. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kukutwa na silaha au risasi bila kibali kulitosha kunyongwa. Huhitajiki kuwa umeua. Waruhiu Itote, Jenerali China, ambaye alipigania Waingereza Burma na kujifunza bunduki kwao, alikamatwa Januari 1954, akashtakiwa Nyeri kwa makosa yakiwemo ya kupatikana na risasi, akahukumiwa kifo. Aliponea kwa sababu serikali ilimtaka kwenye mazungumzo. Wengi hawakuponea. Mwanahistoria David Anderson amehesabu 1,090 walionyongwa wakati wa Hali ya Hatari, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kosa la kuua.

Sasa tufike kwa Kimathi, kwa maana kesi yake ni kesi ya rivolva.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu upande wa Tetu, Nyeri, askari wa Tribal Police aitwaye Ndirangu Mau alimwona mtu aliyevaa koti la ngozi ya chui. Akapiga. Risasi ikamwingia pajani. Mtu yule alikuwa Dedan Kimathi, na alikuwa na rivolva ya Webley Scott, .38. Alisomewa mashtaka akiwa kwenye kitanda cha hospitali ya Nyeri: kuwa na rivolva, na kuwa na risasi zake. Basi. Miaka minne serikali ilikuwa imemwita muuaji mkubwa wa nchi, ikatupa vijikaratasi kutoka angani na kuweka bei juu ya kichwa chake, na siku ilipompata haikumshtaki kwa kumuua mtu yeyote. Haikuhitaji. Rivolva ilitosha.

Kesi ilisikilizwa Nyeri mwezi wa Novemba mbele ya jaji mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu waafrika washauri wa mahakama. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa akija kujisalimisha. Hawakumwamini. Rufaa zikakataliwa Nairobi na London, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti.

Fikiria hiyo rivolva kidogo. Risasi yake ni ile .38 iliyochaguliwa kwa ajili ya watu wasio na shabaha. Mashambani, mlowezi aliikalia mezani na sheria ikamtaka asiiache nyuma. Kama bwana wa nyanya yangu angeonekana Nanyuki bila bastola yake, angeulizwa iko wapi. Kimathi alionekana nayo, akanyongwa. Ni chuma cha aina moja. Hata neno "kujilinda" lilikuwa na mwenyewe. Richard Meinertzhagen, afisa kijana aliyekuwa katika kuianzisha boma ya Nyeri mwaka 1902, alimuua kiongozi wa Wanandi Koitalel arap Samoei mwaka 1905 kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Alisema alikuwa akijilinda. Uchunguzi ukafanywa mara tatu, na akaondoka mtu huru.

Ukienda Kimathi Street, Nairobi, sanamu iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007 imemshikisha bunduki ndefu mkono wa kulia na kisu mkono wa kushoto. Inapendeza, na watu hupiga picha hapo. Ila mimi kila nikipita naitafuta rivolva. Yule aliyechonga alitaka shujaa, na shujaa hawezi kusimama mjini na kitu kidogo cha kiunoni. Lakini ile ndogo ndiyo ilikuwa kielelezo mahakamani.

Baada ya uhuru, Desemba 1963, wapiganaji waliobaki walitoka msituni na kukusanyika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, kurudisha silaha. Kutoka upande wetu wa Meru alitoka Musa Mwariama, ambaye hakuwahi kukamatwa. Fikiria ule mlundo: bunduki za serikali zilizoibiwa, na juu yake mabomba ya maji na makomeo ya milango. Wengine, kama Baimungi, waliona ardhi haijarudi na wakakataa kutoka moja kwa moja. Serikali mpya ikawafuata, na Baimungi akauawa mapema mwaka 1965. Silaha zikarudi mahali zilipokuwa siku zote, yaani kwa serikali na kwa wenye vibali.

Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, mizizi yake iko kwenye miaka hiyo ya 1950. Imerekebishwa mara nyingi, kuna bodi ya leseni, na mwaka 2018 wenye bunduki wote waliambiwa wapeleke silaha na vyeti vyao kukaguliwa upya. Lakini msimamo wake haujabadilika: bunduki si haki yako, ni ruhusa, na aliyekupa anaweza kuichukua. Mkenya wa kawaida hana bastola wala hamjui mwenye bastola. Mtaani inaitwa mguu wa kuku, jina la kejeli kidogo, kana kwamba ni kitu cha kununua kibandani na pilipili. Ukiitaka kihalali lazima ueleze kwa nini unaihitaji, uchunguzwe na polisi, uonyeshe akili yako iko sawa, na uthibitishe unaweza kuitumia na kuihifadhi.

Mjomba anaweza kupita hayo yote. Ana alama juu ya jicho ya kuonyesha na ana OB ya polisi. Jumapili iliyopita tulikaa kwake na zile fomu. Nilikuwa nimebadilisha ushauri wangu mara tatu. Kwanza nilisema rivolva, kwa sababu yeye ni mtu wa viazi na hataenda kupiga shabaha kila mwezi. Halafu nikasema ya magazini, kwa sababu ndiyo mwalimu atakayompata atakuwa anaijua. Halafu nikamsimulia kikapu cha sufi.

Akanyamaza. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia, akauliza kama mimi naamini ni nani aliyemwita jina lake.

Nikasema sijui. Kijana anayepakia lori zake alikuwa uani, anaosha magunia. Msichana wa kazi alikuwa akituletea chai. Mjomba aliwatazama wote wawili kwa zamu, na nadhani alijiona akiwatazama, kwa sababu aligeuza macho haraka na kuanza kuzungumza juu ya bei ya mbegu.

Baadaye alisimama, akasema tutafute mahali itakapokaa. Tukazunguka nyumba. Chumba chake kina kabati lisilofungika. Juu ya kabati wajukuu hupanda wakitafuta biskuti. Chini ya godoro akakataa mwenyewe. Kwenye chumba cha nyuma ukuta ni wa mbao, kisanduku cha chuma kitang'olewa na ubao wake. Kwenye sebule kuna ukuta wa mawe, mmoja tu, ule ulio karibu na meza ya kulia. Akaupima kwa shubiri kando ya kalenda. Msichana aliingia na kikombe cha pili cha chai, akakuta sisi wawili tumesimama tunatazama ukuta, akauliza kama kuna nyoka.

"Hapana, mama," mjomba akamwambia. "Weka tu hapo."

Fomu bado ziko kwenye droo ya televisheni. Ameweka taa mbili mpya getini, na pesa za viazi msimu huu zimeingia kwa simu.